Naruto amekuwa baba, Batman bado kijana: jibu kwa msomaji anayechora

Msomaji wa Mbeya ameniandikia hivi: “Shikamoo mwalimu. Mimi na kaka yangu tunabishana kuhusu anime na katuni za Kimarekani. Yeye anasema ni kitu kilekile, Wajapani wamekuza macho tu. Mimi nasema ni vitu viwili tofauti, ila nikiambiwa nieleze tofauti yenyewe nashindwa. Kwa nini Naruto alianza mtoto, akakua, akaoa, akapata watoto, hadithi ikaisha, lakini Batman na Spider-Man wako vilevile tangu baba yetu hajazaliwa? Na mimi nachora. Nifuate njia ya Wajapani au ya Wamarekani?”

Marahaba, mdogo wangu. Nianze na Spider-Man, maana yeye alioa. Mwaka 1987 kampuni ya Marvel ilimwozesha Peter Parker, yaani Spider-Man mwenyewe, kwa Mary Jane Watson, na pakafanyika hata harusi ya maonyesho katika uwanja wa besiboli wa Shea, New York, Stan Lee mwenyewe akiwa mfungishaji ndoa. Wakaishi mume na mke kwa miaka ishirini ya matoleo. Kisha mwaka 2007 wakuu wa uhariri wakaamua kwamba ndoa inamzeesha kijana wao. Ikatungwa hadithi ambamo Peter, ili kumwokoa Shangazi May asife kwa risasi, anapatana na pepo Mephisto, na malipo yanayodaiwa ni ndoa yenyewe: ifutwe, isiwe imewahi kuwapo. Asubuhi yake Peter anaamka kapera. Wasomaji waliokua na ndoa ile walikasirika mno, na hadi leo wengi hawajaisamehe.

Nimeanza na kisa hicho kwa sababu ndani yake kuna swali ambalo wewe na kaka yako hamkuulizana: mhusika ni mali ya nani? Stan Lee na Steve Ditko walimtoa Spider-Man kwa mara ya kwanza mwaka 1962, lakini hawakummiliki, wala aliyeandika hadithi ya 2007 hakummiliki. Mwenye mali ni kampuni. Kampuni haizeeki, na inamhitaji kijana wake awe kijana kila mwaka, kwenye vitabu, kwenye filamu, kwenye mabegi ya shule. Akizeeka, akafa kweli, kampuni imepoteza mtaji.

Utaratibu huo ulianza mapema. Mwaka 1938 vijana wawili wa Cleveland, Jerry Siegel na Joe Shuster, waliuza hadithi ya kwanza ya Superman pamoja na haki zote za mhusika huyo kwa dola 130. Jarida la Action Comics lililomtoa liliuzwa senti 10, na mwaka 2024 nakala moja ya toleo lile la kwanza ilinunuliwa mnadani kwa dola milioni 6. Wenyewe waliishia kushitakiana na kampuni na kuishi kwa shida, hadi mwaka 1975, baada ya wachoraji wenzao kupiga kelele hadharani, kampuni ilipokubali kuwalipa pensheni ya dola 20,000 kwa mwaka kila mmoja na kurudisha majina yao kwenye kazi yao. Bill Finger, aliyemtengeneza Batman pamoja na Bob Kane mwaka 1939, alifariki mwaka 1974 jina lake likiwa halijawekwa. Liliwekwa rasmi mwaka 2015. Mimi kila nikisoma habari hizi roho inaniuma, na ningependa kila kijana anayeshika penseli azijue kabla hajajua kuchora misuli.

Sasa tazama upande wa pili. Masashi Kishimoto alianza Naruto mwaka 1999 katika jarida la Shonen Jump, akamaliza Novemba 2014 kwa sura ya 700, na vitabu vikafika 72. Hakimiliki ina jina lake, na kampuni ya Shueisha ina haki ya kuchapisha. Kwa desturi ya Japani, mchoraji hulipwa kwa kila ukurasa unaotoka jaridani, na sura zikikusanywa kuwa kitabu hupata mrabaha, mara nyingi kama asilimia 10 ya bei ya kitabu. Kwa hiyo hadithi ina mwenyewe, na mwenyewe ni binadamu ambaye anazeeka, anachoka, na siku moja anataka kusema alilokusudia kusema tangu mwanzo. Akira Toriyama, mchoraji wa Dragon Ball, alimchukua Goku akiwa mtoto mwenye mkia mwaka 1984, akamwacha mwaka 1995 akiwa babu mwenye mjukuu. Koyoharu Gotouge aliimaliza Demon Slayer Mei 2020, vitabu 23 tu, nchi nzima ikiwa inaigombania. Miezi mitano baadaye filamu yake ilitoka na ikavunja rekodi ya mauzo ya Japani iliyokuwa imewekwa na filamu ya Spirited Away ya 2001. Hebu jiulize ni kampuni gani ya New York ingekubali hadithi inayouza namna hiyo ifungwe.

Hapo ndipo Naruto alipopatia mke na watoto. Stelingi wa Kijapani anaruhusiwa kufika mwisho wa safari. Stelingi wa Kimarekani anafika karibu na mwisho, halafu anarudishwa mwanzo. Superman aliuawa katika toleo lililotoka Novemba 1992, nakala zaidi ya milioni 6 zikanunuliwa, watu wakalia, na mwaka 1993 akarudi kazini.

Usikimbilie kumwambia kaka yako umeshinda, maana Japani nako kuna wasiozeeka. Sazae-san, iliyoanzishwa na Machiko Hasegawa mwaka 1946, inaendelea kwenye televisheni tangu 1969, na mtoto wa shule wa siku ile bado anavaa kaptura. Detective Conan ana umri wa mwanafunzi wa darasa la kwanza tangu 1994. Na baada ya Naruto kumalizika, mwaka 2016 ukaanza mfululizo wa mwanawe, Boruto, kwa mkono wa mchoraji mwingine. Pesa inaongea Kijapani pia. Na Marekani, pale mchoraji aliposhikilia kazi yake mwenyewe, mambo yalikuwa kama ya Kishimoto: Jeff Smith alijichapishia Bone kuanzia 1991, akaimaliza mwaka 2004 kwa toleo la 55, hadithi moja yenye mwanzo na mwisho. Mwandishi Robert Kirkman aliifunga The Walking Dead mwaka 2019 bila kuwatangazia wasomaji, na akaweza kwa sababu ilikuwa yake. Kampuni ya Image iliyomchapisha ilianzishwa mwaka 1992 na wachoraji waliokuwa wakiichorea Marvel na kuchoka kuchora vya wenzao. Unaona basi: ukibadilisha mwenye mali, hadithi inabadilika, hata kama mchoraji ni Mmarekani na macho ya wahusika wake ni madogo.

Jambo la pili ni karatasi. Wachambuzi wengi wanaliruka, lakini wewe unayechora lazima ulielewe. Toleo la kawaida la Kimarekani leo lina kurasa kama 20 za hadithi, zenye rangi, linatoka mara moja kwa mwezi. Kazi imegawanywa: mmoja anaandika, mwingine anachora kwa penseli, wa tatu anatia wino, wa nne rangi, wa tano anaandika maneno kwenye viputo. Katika kurasa hizo 20 lazima pawe na ugomvi, sababu ya ugomvi, na kitu cha kumfanya msomaji arudi mwezi ujao. Matokeo yake ukurasa unashiba: kila kisanduku kinasogeza tukio, viputo vimejaa maneno.

Shonen Jump ni jarida la kila wiki, kurasa zaidi ya 400 za karatasi duni, wino mweusi, hadithi kama ishirini kwa pamoja, kila moja na kurasa 19 hivi. Piga hesabu: mchoraji mmoja na wasaidizi wake wanafikisha karibu kurasa 900 za hadithi moja kwa mwaka, mwenzao wa Kimarekani ana 240. Mwenye kurasa 900 anaweza kutumia tatu kwa mvua inayonyesha juu ya bati. Anaweza kumwonyesha mtu akinyamaza kwa visanduku sita. Scott McCloud, mchoraji wa Kimarekani, alihesabu jinsi jicho linavyoruka kutoka kisanduku kimoja kwenda kingine, akaona kwamba Wajapani hutumia sana mruko ambao haupatikani kirahisi katika kazi za masupahiro: muda hausogei, jicho tu linazunguka mahali palepale. Tawi. Kengele ya upepo. Kikombe cha chai. Mkono wa mama. Hakuna kilichotokea, lakini umeshaingia ndani ya nyumba ile. Kwangu mimi huu ndio uzuri mkubwa wa manga, yaani vitabu vya katuni vya Kijapani, kuliko yote, na hauhusiani hata kidogo na macho.

Bei ya uzuri huo ni kubwa. Ndani ya Shonen Jump kuna kura ya wasomaji: msomaji anataja hadithi tatu zilizompendeza, na kura zinahesabiwa. Hadithi mpya ikiburuta mkia kwa wiki kumi hivi, inaweza kukatwa hapohapo, mchoraji akaambiwa ana wiki chache za kufunga. Mwishoni mwa 1994 jarida hilo lilifikia nakala milioni 6.53 kwa wiki moja, rekodi yake ya juu kabisa, na mbio za kubaki ndani yake ziliumiza miili ya watu. Yoshihiro Togashi, aliyeanza Hunter × Hunter mwaka 1998, amesimama mara kwa mara kwa miezi na miaka kwa sababu mgongo hauruhusu tena kukaa na kuchora. Katika jarida jingine, Kentaro Miura alifariki Mei 2021 akiwa na miaka 54, hadithi yake Berserk ikiwa haijaisha. Ukiona kurasa 900 nzuri, kumbuka kuna mtu hakulala.

Kuna pia suala la nani anayeandikiwa. Kaka yako huenda anaamini katuni ni za watoto, na imani hiyo, kwa Marekani, ina mwaka wake: 1954. Kabla ya hapo maduka ya Kimarekani yalijaa vibonzo vya majambazi, mapenzi, vita na mizimu, na watu wazima walisoma. Daktari wa akili Fredric Wertham akatoa kitabu kudai vibonzo vinaharibu vijana, kamati ya Seneti ikakaa New York mwezi Aprili kusikiliza, na wachapishaji kwa kuogopa sheria wakajitungia masharti yao wenyewe, Comics Code. Neno la kutisha lisiwe kwenye jina la jarida. Maiti zinazotembea na wanyonya damu marufuku. Polisi na majaji wasidharauliwe. Mwema ashinde kila mara. Jarida lisilo na muhuri wa Code halikupokelewa na wasambazaji wengi, na kampuni ya EC iliyokuwa mahiri katika hadithi za kutisha ikabaki na jarida la vichekesho la Mad tu. Marvel iliuacha muhuri huo mwaka 2001, kampuni za DC na Archie mwaka 2011. Kwa miaka mingi msomaji aliyefika miaka kumi na saba alikuwa anasukumwa nje ya mlango.

Japani wazazi na walimu nao walilalamika, na sana, lakini kizuizi cha namna hiyo hakikushika tasnia nzima. Msomaji alipokua, magazeti yalikua naye. Mwishoni mwa miaka ya 1950 Yoshihiro Tatsumi na wenzake walikuwa wakichora hadithi ngumu za maisha ya mjini kwa ajili ya maduka ya kuazimisha vitabu. Mwaka 1968 lilianzishwa Big Comic, jarida la watu wazima. Mwaka 1972 Riyoko Ikeda, mwanamke wa miaka ishirini na kitu, alianza kuwachorea wasichana hadithi ya Mapinduzi ya Ufaransa, na wasichana wakaigombania. Mwaka uliofuata, ndani ya Shonen Jump ileile ya wavulana, Keiji Nakazawa akaanza kuchora Hiroshima. Alikuwa na miaka sita bomu lilipoanguka. Baba yake, dada yake na mdogo wake walikufa siku ile. Mvulana wa Kijapani wa 1973 alinunua jarida la kuchekea akakuta hayo humohumo.

Nimezungumzia vitabu kwa urefu kwa sababu anime nyingi huzaliwa kutoka kwenye manga. Lakini mnachotazama kwenye simu na flashi ni anime, na huko mambo yanageuka kwa namna ambayo mashabiki wengi hawaijui.

Filamu husafiri kwa picha 24 kwa sekunde. Disney ya Snow White, 1937, ilikuwa na fedha na muda wa kuchora mwendo ukawa laini kama maji. Televisheni haikuwa na fedha hizo. Marekani, Hanna na Barbera walipoacha filamu za Tom na Jerry wakaingia kwenye televisheni mwaka 1957, walipunguza michoro: mwili unasimama, mdomo unasema, mandhari ileile inapita nyuma ya mkimbiaji. Tarehe 1 Januari 1963 Osamu Tezuka alianza kurusha Astro Boy kila wiki, nusu saa, kwa bei aliyoiuza chini ya gharama, akipunguza michoro zaidi ya Wamarekani. Umaskini ulikuwa mmoja, dawa zikawa mbili. Wamarekani walijaza pengo kwa maneno: utani, sauti za waigizaji, mabishano ya Fred na Barney wa The Flintstones. Wajapani walilijaza kwa picha yenyewe: uso umeganda, kamera inausogelea polepole, upepo unapeperusha nywele tu, kimya, kisha pigo moja lililochorwa kwa nguvu zote za bajeti. Ukitazama Naruto akisimama kwa sekunde kumi kabla ya kupiga pigo lake, Rasengan, unatazama ubahili uliogeuzwa kuwa sanaa.

Na mwenye mali? Kwenye anime mara nyingi si anayechora. Tangu miaka ya 1990 mfululizo mwingi hugharimiwa na kamati: mchapishaji, kituo cha televisheni, kampuni ya muziki, kampuni ya midoli, kila mmoja anaweka fedha na kuchukua kipande cha haki. Studio inayochora hulipwa ujira wake, na kama haikuweka fedha, faida ya baadaye inapita mbali. Wachoraji chipukizi wa Tokyo wanalipwa vibaya, hilo linajulikana na linasemwa hadharani huko kwao. Kwa hiyo yale niliyosifu kuhusu Kishimoto usiyahamishie kwa kijana aliyechora mkono wa Sasuke katika fremu moja ya sehemu ya 133 ya Naruto.

Midoli nayo iko pande zote mbili. Gundam ya 1979 ilikatwa kutoka sehemu 52 hadi 43 kwa sababu midoli haikuuzika, kisha ikafufuka vifurushi vya plastiki vya Bandai vilipopendwa. Transformers ya 1984 ilitangazwa kama katuni ya Kimarekani, lakini roboti zile zilikuwa midoli ya Takara ya Japani, na sehemu nyingi zilichorwa na Toei, Tokyo. Baadhi ya sehemu nzuri kabisa za Batman ya 1992 zilichorwa Tokyo pia. The Simpsons imechorwa Korea Kusini kwa miaka mingi. Nayo Avatar ya Aang, 2005 hadi 2008, ilitungwa na Wamarekani wawili, ikachorwa Korea Kusini, ikawa na sehemu 61 na mwisho wake. Ukimtaka kaka yako aseme ni anime au katuni, atababaika.

Na hapa kaka yako anastahili haki yake. Macho yale makubwa hayakuzaliwa Japani peke yake. Tezuka alipenda mno kazi za Disney na za ndugu Fleischer waliomchora Betty Boop, na macho ya wahusika wake yalitoka huko, kisha wanaomfuata wakayakuza. Kwa hiyo aliposema kuna undugu alisema kweli. Alipokosea ni kudhani undugu uko machoni na unaishia hapo.

Sasa wewe na penseli yako. Mtindo usikusumbue kichwa. Chora uso unavyokujia, macho makubwa au madogo. Wenzetu wa jirani wameshaonyesha hakuna lazima: katika mkusanyiko wa filamu fupi wa Kizazi Moto, 2023, Ng'endo Mukii wa Kenya na Raymond Malinga wa Uganda hawakuiga Tokyo wala studio za Marekani. Kutoka kwa Wajapani ningekushauri uchukue mambo mawili ya kazi. Kwanza nyeusi na nyeupe, kwa sababu wino na karatasi unavimudu leo, na kuchapisha au kupiga nakala ni rahisi, wakati rangi itakuchelewesha mwaka mzima. Pili, amua mwisho kabla ya kuanza. Chora hadithi moja fupi ya kurasa 16, ya mtu mmoja, siku moja, mahali unapopajua, stendi ya Nane Nane au sokoni Mwanjelwa, na uache visanduku viwili vitatu visivyo na neno lolote. Kutoka kwa Wamarekani jifunze kubana: kama ukurasa unaweza kuondolewa na hadithi ikasimama, uondoe.

Ukishakuwa na kazi ndefu kidogo, Wizara ya Mambo ya Nje ya Japani ina tuzo ya manga kwa wachoraji wa nchi nyingine, tangu 2007, na hutangaza masharti yake kila mwaka. Yasome.

Na siku mtu atakapokufuata akipenda mhusika wako, awe na kituo cha televisheni, gazeti, shirika au programu ya simu, tafuta kwenye mkataba mahali panaposema haki za mhusika zinakwenda kwa nani, kwa muda gani, na kwa matumizi gani. Kumkodisha mhusika kwa mfululizo mmoja ni jambo moja, kumuuza yeye mwenyewe ni jambo jingine, na mara nyingi yote mawili huandikwa kwa sentensi moja ndefu. Usitie saini siku hiyohiyo. Peleka karatasi kwa mwanasheria, au ukaulize COSOTA, Ofisi ya Hakimiliki Tanzania, kisha rudi na majibu yako yameandikwa.

Mpe kaka yako salamu, na mwambie aitafute Bone.